Msiilaumu Betri

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kueleza jambo dogo lililotutia hasara kubwa. Jambo lenyewe ni betri zinazovuja. Najua wako watakaocheka na kusema, "Hili nalo ni la kuandikiwa gazetini?" Nawaomba wasome hadi mwisho, ndipo wacheke.

Mimi si fundi, wala si mtaalamu wa kemia. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la fizikia, na ninaandika kwa sababu sikuvitunza ipasavyo vitu nilivyokabidhiwa.

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo, mwalimu wetu alitaka kutufundisha kupima umeme. Akaniagiza nilete multimita zote sita. Nne ziliwaka. Mbili zikawa kimya kama mawe. Nilipofungua vifuniko vya nyuma niliona unga mweupe umeganda kama chumvi, springi zimeliwa, na waya mmoja umekatika wenyewe kwa kuoza. Betri zilikuwa zimevuja.

Darasa zima likanitazama. Nami, bila kufikiri, nikasema, "Mwalimu, betri za siku hizi ni mbovu." Wenzangu wakaitikia kwamba ni kweli, betri za siku hizi ni mbovu. Wengine wakalaumu duka zilikonunuliwa. Mwalimu akafungua daftari la ghala akaandika: "Multimita mbili, zimeharibiwa na betri." Mambo yakaisha hapo, au nilidhani yameisha.

Hayakuisha. Wenzetu wa kidato cha nne wanajitayarisha kwa mtihani wa vitendo, na sasa wanagawana multimita nne. Katika kila kundi wale wawili watatu walio mbele hushika chombo, na wale walio nyuma hunakili majibu. Nimemwona msichana mmoja mwenye bidii sana amesimama nyuma kipindi kizima, kalamu mkononi, hakugusa hata waya. Siku ile nilijiuliza: je, ni betri kweli iliyomnyima yule dada haki yake?

Nikaamua kutafuta ukweli, nikasoma, nikamuuliza mwalimu wa kemia na fundi redio wa hapa mjini. Nilichokipata ndicho ninachotaka kuwaeleza, nacho ni hiki: betri haikufanya lolote ila kazi yake. Ni sisi tuliosahau.

Kwanza yafaa tujue betri ni kitu gani. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri iliyokuwa na maji ndani ya chupa. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner akapata hataza ya betri kavu, ambayo haimwagiki ukiigeuza. Betri ya kawaida tunayotia katika tochi ni mjukuu wa betri hiyo. Katikati pana kijiti cha kaboni. Kukizunguka pana unga mweusi, ambao ni manganizi dayoksaidi iliyochanganywa na kaboni. Kisha pana uji wa chumvi wenye uchachu wa asidi kidogo, na nje yake pana kikopo cha zinki.

Sasa sikilizeni vizuri. Kile kikopo cha zinki si chombo tu, bali ni chakula cha betri. Kila tochi inapowaka, zinki inaliwa. Ni kama mtu anayepika kwa kuni alizozing'oa katika kuta za nyumba yake mwenyewe. Mwanzoni nyumba husimama na chakula huiva. Siku itakuja ukuta utatoboka. Betri ikiwa imekwisha nguvu, zinki imekuwa nyembamba, na uji wenye asidi ungali ndani unaendelea kuila hata kama tochi imezimwa. Itatoboka, na uji utatoka nje. Hapo hapana ubovu wowote. Ndivyo ilivyoumbwa.

Wengi hudhani kwamba ukinunua betri za bei kubwa, zile zilizoandikwa "alkaline", umepona. Nami nilidhani hivyo. Betri hizo zilitengenezwa na Mkanada Lewis Urry katika miaka ya 1950, na ni kweli hudumu muda mrefu zaidi. Kikopo chao ni cha chuma, na zinki ni unga uliowekwa ndani. Lakini maji yake ni haidroksaidi ya potasiamu, alkali kali iunguzayo ngozi. Betri hiyo ikiisha na kuachwa, zinki hutoa gesi ya haidrojeni polepole. Gesi haina pa kutokea. Inasukuma na kusukuma mpaka kizibo kinaachia, na ile alkali inatambaa nje. Ikikutana na hewa hukauka ikawa ule unga mweupe nilioukuta katika multimita. Basi betri ya bei ndogo huvuja na ya bei kubwa huvuja, kila moja kwa njia yake.

Jambo la tatu ni kuchanganya betri. Redio itumiayo betri nne, kila moja ya volti 1.5, hupata volti 6. Mtu akiona redio inafifia hununua betri mbili mpya na kuziacha mbili za zamani, akidhani amefanya uchumi. Hajui kwamba ile dhaifu itakwisha kwanza, na zenye nguvu zitaendelea kusukuma umeme ndani yake kwa lazima. Betri iliyokwisha kisha ikalazimishwa hufanya gesi na kuvuja upesi. Ni kama kumfunga ng'ombe mgonjwa jembeni pamoja na watatu wazima. Hawezi kuvuta, wala hawezi kupumzika.

Joto nalo huchochea. Betri zilizoachwa dirishani, juu ya kabati chini ya mabati, au mbele ya kioo cha gari, hazina maisha marefu.

Hapa nataka kusema na wazazi wetu kwa heshima zote. Likizo iliyopita nilikwenda kumwamkia bibi yangu. Nilipomaliza kusema shikamoo nikaona redio yake iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Nikamuuliza, "Bibi, mbona husikilizi taarifa ya habari?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, redio hii imezeeka kama mimi. Imekwisha sauti." Nikaifungua. Ndani mlikuwa na betri nne kubwa zilizovimba na kugandana na springi. Redio haikuwa imezeeka hata kidogo. Ilikuwa imetiliwa betri, ikasahauliwa msimu mzima wakati bibi alipokuwa mgonjwa, nayo ikaliwa kutoka ndani. Kwa miezi mingi bibi alikaa peke yake jioni bila sauti ya mtu, akiamini kwamba kosa ni la uzee.

Babu, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ya kung'ata betri za tochi zikianza kufifia, kisha kuzianika juani. Wazee wengi walifanya hivyo, na hawakuwa wajinga. Ukibana betri, unga wa ndani hugusana vizuri zaidi, na joto la jua huharakisha kazi ya kemia, basi tochi huwaka tena kidogo. Lakini huo ni mkopo wa dakika chache, na riba yake ni kubwa. Jino hupasua zinki ambayo tayari ni nyembamba, na jua hulainisha kizibo. Betri iliyong'atwa ikirudishwa ndani ya tochi, andaa tochi nyingine. Na meno yenyewe je? Uji ule si wa kuonja.

Wazazi wengine watakumbuka pia walivyoagizwa shuleni walete betri kuukuu, zikavunjwa, na unga wake mweusi ukasagwa pamoja na majani kwa ajili ya kupaka ubao. Wengi husema ule unga ni mkaa tu. Si mkaa mtupu. Sehemu yake kubwa ni manganizi, na vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Kama bado iko shule inayofanya hivyo, nawasihi waache.

Sasa mtaniuliza: kifaa kikisha kuharibika, kifanyweje? Nitaeleza nilivyofundishwa na fundi, maana redio ya bibi niliirudisha ikasema.

Kwanza linda mikono na macho. Vaa glavu, au funga mfuko wa nailoni mkononi. Usipulize ule unga, utakuingia machoni. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yatiririkayo, si chini ya dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali bila kungoja kesho.

Pili toa betri bila kutumia nguvu za nyundo. Kisha soma maandishi yaliyo juu yake, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine. Ikiwa imeandikwa "alkaline", uchafu wake ni alkali, na alkali huuawa na asidi. Chovya kijiti cha pamba katika siki au maji ya ndimu, ukamue, upake mahali palipoganda. Utaona povu dogo. Ikiwa ni betri ya kawaida ya zinki na kaboni, uchafu wake una asidi, basi tumia maji yaliyotiwa magadi kidogo. Usimimine wala usiloweshe kifaa. Paka na kufuta, paka na kufuta.

Tatu futa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, kwa sababu siki ikiachwa hapo nayo itaanza kula chuma. Malizia kwa spiriti, uache wazi siku nzima mpaka pakauke kabisa. Halafu sugua springi na bati lake kwa msasa laini mpaka ing'ae. Kutu ya kijani ikiwa imepanda ndani ya waya, usijidanganye kwamba umemaliza. Waya huo ukatwe na kuungwa mwingine kwa risasi. Springi iliyoliwa hubadilishwa na springi ya tochi mbovu. Fundi alimtengenezea bibi namna hiyo, na jioni ile bibi alisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili mpaka mwisho, akanikataza nisiseme neno.

Multimita zetu mbili hazikuwa na bahati hiyo. Alkali ilikuwa imefika kwenye kibao cha ndani na kula njia nyembamba za shaba. Fundi alizitazama, akatikisa kichwa. Majuto ni mjukuu.

Nimetaja dawa, lakini sitaki msomaji afunge gazeti akidhani dawa ndiyo jambo kubwa. Jambo kubwa ni kitendo cha dakika moja: kutoa betri. Hapa najua hoja tatu zitakazoletwa, na nimezisikia bwenini zote tatu.

Wa kwanza husema, "Kifaa nilikizima, hapana umeme unaopita." Nimekwisha eleza kwamba zinki huliwa hata pasipo umeme kupita. Tena vifaa vingi vya siku hizi, hata ukivizima, hunywa umeme kidogo kidogo kama mdudu ndani ya hindi.

Wa pili husema, "Nikizitoa zitapotea." Basi ziweke katika mfuko mdogo wa kitambaa, uufunge kwenye kifaa chenyewe kwa uzi. Zisichanganywe na funguo wala sarafu, maana chuma kikigusa ncha zote mbili huleta moto.

Wa tatu husema, "Hiyo ni kazi ya mwalimu." Huyu sina jibu lake ila kumwuliza: likizo ikifika, sanduku lako la nguo hulifungiwa na mwalimu?

Kwa hiyo natoa maoni yangu kwa Mwalimu Mkuu, kwa walimu wa sayansi na kwa viranja, nikitumaini hayatapita bure.

La kwanza, siku moja kabla ya kufunga shule kila muhula, betri zitolewe katika vifaa vyote vya maabara, na saa za mabwenini, na rimoti ya televisheni ya ukumbini. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa watu wanne.

La pili, kila betri inapotiwa katika kifaa iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na zote za kifaa kimoja zibadilishwe siku moja, za aina moja. Betri ngeni isitiwe pamoja na za zamani.

La tatu, pawe na ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko, iwekwe mahali pakavu, iwe ya betri zilizokwisha. Sasa tunazitupa chooni, katika shimo la taka, na nyingine motoni. Betri ikitiwa motoni hupasuka. Ikitupwa shambani huoza, na chumvi na madini yake huingia katika udongo uleule tunaopanda mchicha. Ndoo kavu yenye mfuniko ni bora kuliko shimo, mpaka tutakapopata mahali zinapopokelewa ipasavyo.

Nawaongezea wazazi neno moja. Zile betri ndogo za duara kama vifungo vya shati, ziwapo mezani mbele ya mtoto mchanga, ni hatari kuliko kisu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake hufanya alkali palepale na kuunguza nyama, na hata saa mbili tu zaweza kutosha kuleta kidonda kikubwa. Asingojwe aonyeshe maumivu. Apelekwe hospitali mara moja.

Imebaki habari moja, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nilipokwisha kujua haya yote, lile neno katika daftari la ghala likawa linanichoma. Lilisema multimita zimeharibiwa na betri. Halikuwa kweli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu siku tuliyofunga shule, na nilikuwa na haraka ya kuwahi basi. Juma lililopita nilimwendea mwalimu, nikamweleza kwamba sikuzitoa betri, na kwamba nililaumu duka ili nisilaumiwe mimi. Nilitazamia kunyang'anywa ufunguo. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akafungua daftari mahali palepale, akanipa kalamu. Nikaandika chini ya mstari wake: "Betri hazikutolewa kabla ya likizo." Nikatia sahihi yangu.

Ufunguo ningali nao. Multimita nne zilizobaki nimezitengenezea mifuko minne ya kitambaa, na yule dada wa kidato cha nne sasa huja maabara saa kumi jioni, kwa ruhusa ya mwalimu, kupima peke yake mpaka atosheke. Hilo halirudishi zile mbili, lakini ndilo niwezalo.

Basi, ndugu wasomaji, jioni ya leo kabla hamjalala, kila mmoja afungue kitu kimoja alicho nacho: tochi, saa, redio au kikokotoo. Ukikuta betri ni safi, umeongeza maisha ya kitu chako. Ukikuta unga mweupe, usiseme betri za siku hizi ni mbovu. Jiulize ni lini uliitazama mara ya mwisho.

Mlinzi wa Kabati la Fizikia,
Kidato cha Tatu